Samaki apimwe mbele yako kabla hajaingia jikoni

Nimesoma swali lako mpaka pale ulipoandika "tutaagiza samaki mmoja mkubwa tugawane, itakuwa nafuu." Ndugu yangu, usithubutu. Unatoka Tabora na mke, watoto watatu na mama yako, Ijumaa hadi Jumapili mko Dar, mnataka kula kwenye migahawa ya Masaki na Oysterbay, unauliza wapi pazuri na mvae nini. Mwaka juzi nilitoka Kigoma na msafara kama huohuo, nikaagiza samaki huyohuyo.

Menyu ilisema chewa wa kuchoma, 12,000. Chini yake, kwa viherufi vya kwenye chupa ya dawa: kwa gramu 100. Sikuviona. Na asije mtu hapa kuniambia ni ushamba. Sisi wa mwisho wa reli samaki tunamjua, ila tunamnunua kwa jicho. Unashuka mwaloni Kibirizi, unaonyeshwa kuhe, mnavutana bei ya samaki mzima, mnamalizana. Gramu zinatoka wapi?

Mhudumu akaleta chewa mbichi kwenye sinia la barafu. Mama akamfunua shavu kwa kidole gumba, akaona wekundu, akasema, "Huyu wa leo." Nikauliza, "Ndiyo bei ile ya kwenye menyu?" Akajibu, "Ndiyo kaka, ileile." Neno hilo linaniuma mpaka leo. Mtu amebeba samaki wa zaidi ya kilo mbili, anaona familia nzima imekaa na kibibi chake, anajua kabisa ninachouliza, halafu anasema "ileile"!

Bili ikaja. Chewa kilo 2.4, shilingi 288,000. Chipsi, ugali, juisi na vya watoto, 132,000. Hiyo ni 420,000, na bei zao hazikuwa na kodi ndani, kwa hiyo ongeza VAT asilimia 18, yaani 75,600. Nikalipa 495,600. Nilikuwa nimetenga laki mbili na nusu kwa mlo ule na nyingine kama hiyo kwa Jumapili. Zikabaki 4,400. Mama akaivuta risiti, akapitisha ukucha kwenye tarakimu moja moja, kisha akasukuma sahani akisema ameshiba. Kichwa cha samaki kilikuwa bado hakijaguswa, na hakuna kitu mama anapenda kama kichwa.

Aliyenielekeza pale ni shemeji yangu, mkazi wa Dar miaka kumi na tano. "Nendeni tu, bei za kawaida." Nilipombana akakiri kuwa yeye huenda na wageni wa kazini, na ofisi ndiyo inalipa! Mtu wa namna hiyo usimuulize bei ya kitu chochote.

Kwa hiyo shika hili. Chochote kinachouzwa kwa uzito, awe samaki au kamba kochi, kipimwe mbele ya macho yako. Mwambie mhudumu akuandikie jumla kwenye karatasi, pamoja na VAT, na uulize kama kuna tozo ya huduma. Asipotaka kuandika, agiza kuku. Usiseme "choma" kabla hujaishika ile karatasi.

Jumapili hatukutoka. Mke wa shemeji alikaanga dagaa ambao mama alikuwa amewabebea zawadi kutoka Kigoma.