Kitenge cha machungwa ukiunganishe na nini? Jibu la fundi cherehani

Dada uliyeuliza kitenge chako cha rangi ya machungwa kiende na kitambaa gani, ukasema duara la rangi limekuchanganya: nimeshona miaka kumi na minne, ngoja nikueleze ninavyolitumia.

Weka nyekundu, njano na buluu kwenye duara kwa umbali sawa. Kati ya kila mbili weka mchanganyiko wake: machungwa, kijani, zambarau. Zilizo jirani huelewana bila taabu. Zinazotazamana, kama machungwa na buluu, hukolezana. Basi chukua buluu, ila usigawe nusu kwa nusu, jicho litakosa pa kutua. Gauni liwe machungwa, buluu ikae kwenye kola na ncha za mikono, tena buluu nzito, ya kiza. Hapo ndipo wengi wanapokosea: rangi wamezipatia, lakini zote kali sawasawa.

Halafu kuna jambo lililonigharimu. Mwaka wangu wa pili kazini mteja alirudisha gauni la buluu inayoelekea zambarau, nililolitia ukingo mweusi. "Fundi, mbona umeniwekea kitambaa kilichopauka?" Nikatafuta kipande kilichobaki, nikakiweka juu ya karatasi nyeupe mbele yake: cheusi tii. Nikakirudisha kwenye gauni, kikawa kama kimeingia kutu. Sikuwa na maelezo. Nikafumua, nikashona upya bure.

Miaka baadaye ndipo nikasoma habari za Michel Eugène Chevreul, mkemia wa Ufaransa. Tangu 1824 alisimamia utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, na wateja walilalamikia sufu nyeusi vilevile, hasa ilipofumwa kando ya buluu na zambarau. Akapima, akakuta sufu haina kasoro. Jirani zake ndio walioififisha. Mwaka 1839 akalitolea kitabu: rangi humpaka jirani yake ile inayotazamana nayo kwenye duara. Ndiyo maana ukingo wangu ulionekana na umanjano.

Kwa hiyo usichague kwa picha ya simu. Beba kipande cha kitenge chako hadi dukani, omba vitambaa viwili vitatu vya buluu, toka navyo mlangoni penye mwanga wa mchana. Vilaze juu ya kitenge, kimoja kimoja, urudi nyuma hatua tano. Kile kinachokuvuta macho kabla ya kitenge chenyewe, kirudishe.