Maswali ya Wasomaji: Kumbukumbu za mgonjwa wa pumu aliyelazwa

SWALI: Daktari, pole na kazi. Kaka yangu ana umri wa miaka 41 na ana pumu tangu utotoni. Mwaka huu amelazwa mara mbili, katika hospitali mbili tofauti, na safari ya pili hakuna aliyejua alitibiwa nini safari ya kwanza. Daftari lake lilikuwa na mstari mmoja tu: "Pumu, amepata nafuu, aruhusiwe." Ni mambo gani yanayopaswa kuandikwa, na je, tunaweza kuyadai?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, kasoro ya mstari huo ni kwamba "nafuu" haina kipimo. Kwa mtu mzima mwenye pumu, kipimo chenye manufaa zaidi ni kasi ya pumzi anayoitoa kwa nguvu, inayopimwa kwa kifaa kidogo cha kupuliza, kisha kulinganishwa na kiwango chake bora anapokuwa mzima. Tuseme kiwango bora cha kaka yako ni lita 500 kwa dakika. Akifika akipuliza 200, yaani asilimia 40, hilo ni shambulio kali. Likishuka chini ya asilimia 33, uhai wake uko hatarini. Namba hiyo iandikwe pamoja na saa, kabla ya dawa na baada ya dawa, kwa sababu namba isiyo na saa haimwonyeshi daktari wa zamu ya usiku kama mgonjwa anapanda au anashuka.

Kama kifaa hakipo, na mara nyingi hakipo, ziandikwe dalili zinazohesabika: pumzi kwa dakika (25 au zaidi ni dalili ya ukali), mapigo ya moyo (110 au zaidi), kiwango cha oksijeni katika damu, na kama mgonjwa anaweza kumaliza sentensi bila kukatika pumzi. Hapa nitaje kosa ambalo mimi huliogopa kuliko yote. Maneno "hakuna mlio kifuani" yanaweza kumaanisha kwamba njia za hewa zimefunguka, au kwamba zimebana kiasi kwamba hewa haipiti kabisa. Asiyeandika karibu na maneno hayo hali ya mgonjwa na kiwango cha oksijeni amemwachia mwenzake fumbo.

Dawa zitajwe kwa jina, kipimo na saa, na iandikwe kama amewahi kulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Siku ya kuruhusiwa, mwombeni daktari muhtasari wa maandishi unaoonyesha kipimo cha mwisho cha pumzi, vidonge vya prednisolone (dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa) vitamezwa hadi lini, dawa ya kuvuta ya kila siku, na tarehe ya kurudi kliniki. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu uchunguzi wa vifo vya pumu uliotolewa Uingereza mwaka 2014, uliopitia vifo 195, ulikuta kwamba watu 19 kati yao walifariki ndani ya siku 28 baada ya kuruhusiwa hospitalini.

Kuhusu haki, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake. Haki hiyo ni ya kaka yako mwenyewe. Kwa hiyo aombe yeye, au awape ninyi idhini kwa maandishi. Kiwango chake bora kiandikeni ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa kalamu isiyofutika.