Kabla hujaagiza kisu kwa mhunzi, uliza chuma kimetoka wapi

Wengi wakifika kwa mhunzi huanza na bei. Mimi huanza na swali: fundi, hiki chuma kilikuwa nini zamani?

Hapa Dodoma mafundi wengi wanafua chuma chakavu, na chakavu si kimoja. Kisu kilichotoka kwenye springi ya gari hushika makali kwa sababu springi ina kaboni ya kutosha, kama asilimia 0.6, hivyo kikipashwa moto na kuzamishwa kinakuwa kigumu. Nondo ya kawaida haina kaboni hiyo. Utanoa leo, kesho nyanya inapondeka badala ya kukatika. Ukipata kipande cha springi gereji, nenda nacho mwenyewe.

Halafu omba usimame pembeni utazame. Fundi makini hukipasha mpaka kiwe chekundu, anakigusisha sumaku. Sumaku ikiacha kushika, moto umefika nyuzi 770 hivi; anaongeza kidogo tu, kisha anakizamisha kwenye oili chafu. Wapo wanaotumia maji. Kwa springi mimi siyataki, kwani maji hupoza ghafla mno na kuacha ufa mwembamba ambao utauona siku unapasua mfupa. Na hapo kazi bado. Akisugue upande mmoja ung'ae, akirudishe kwenye moto mdogo, taratibu, mpaka ule mng'ao ugeuke manjano ya nyasi kavu. Akiruka hatua hiyo, makali yatamegeka.

Bomba lenye zinki usimpelekee kabisa. Moshi wake mweupe huleta homa, na anayeuvuta ni yeye.

Kwenye urembo na ala za muziki, mwachie fundi afanye kile mkono wake unachokijua. Wahunzi wa Kidatoga, kule Ziwa Eyasi, huyeyusha kufuli na koki mbovu za shaba wakapata bangili, na hufua vichwa vya mishale ambavyo Wahadzabe huvifuata kwao. Sasa mtu anampelekea fundi wa Kigogo picha ya bangili hizo kwenye simu, eti aige! Kwa Mgogo mimi ningeagiza ilimba, ala ya ubao wenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, ambayo marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, aliifikisha hadi Ulaya.

Ukiipokea, usiridhike na ubao uliochongwa vizuri. Bonyeza ndimi za chuma moja moja. Ulimi unaocheza pembeni haujabanwa sawasawa, na sauti itahama kabla hujafika nyumbani. Ila usibanwe ukawa haugusiki tena, maana ilimba hulinganishwa kwa kusogeza hizo ndimi: ukiuvuta mbele ukawa mrefu, sauti inashuka, ukiurudisha nyuma, inapanda. Mwombe fundi akuoneshe kwa nyundo yake ndogo, gonga-gonga, mpaka nawe uweze. Akitaka kupaka vanishi, apake ubao. Ndimi aziache kavu.