Re: Dubu na kuvu ya magogo, mtoto ataanzia wapi?
Habari mama Shiku, nimeona umekwama na ile homuwaki ya mtoto, alinganishe dubu mweusi wa Marekani na kuvu inayoota kwa magogo, na ati anasema havifanani kabisa. Kwanza angalia kama ameandika kuvu ni mmea, hapo ndio mpwa wangu hapa Kakamega alipotea, nikamtoa nje nikambandulia ganda la gogo la bluugamu nyuma ya jikoni akaona zile nyuzi nyeupe. Kuvu haijitengenezei chakula kwa jua, inakula kitu kingine kama tu dubu, tofauti ni dubu anameza kwanza ndio tumbo lisage, kuvu inamwaga vimeng'enya (kemikali za kusaga chakula) nje kwa mbao halafu inafyonza.

Sasa penye utamu ni hapa: kuvu ikishalainisha gogo, sisimizi wanaotoboa mbao na mabuu wanaingia, dubu anakuja analirarua awale, na mti ukioza katikati ukabaki na shimo dubu anaweza kulala humo msimu wa baridi, miezi kadhaa bila kula wala kunywa. Kwa hivyo mwambie asichore jedwali tu la tofauti, aseme pia jinsi kuvu inavyomsaidia dubu.

Kwa ukubwa asidhani dubu anashinda, huko Oregon, Marekani, kuna kuvu moja ya aina ya Armillaria imeenea chini ya msitu karibu kilomita 9 za mraba. Dubu mwenyewe mimi nimemwona kwa tivii tu, lakini magogo yaliyooza tunayo mengi, mpeleke aguse.