Kliniki inamtaka balozi wangu kwa nini?

SWALI: Naishi Kisesa, wilayani Magu. Watafiti hupita nyumba kwa nyumba kuandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Kwenye kituo cha afya nako karani mwenye kompyuta akanitaka majina matatu, kitongoji, hata balozi wa nyumba kumi! Balozi anahusikaje na tiba yangu? Na siri zangu je?
Mama Doto

JIBU: Mama Doto, balozi ndiye anayekutofautisha na wenzako. Nimefanya ukarani wa takwimu Kanda ya Ziwa, na najua kijiji kimoja kinavyoweza kuwa na akina Maria Masanja kadhaa, tena mwaka wa kuzaliwa ni wa kukisia.

Sensa hiyo ya Kisesa inarudiwa tangu 1994. Inajua nani yu hai, haijui nani anameza dawa. Daftari la kituo linajua dawa, ila mgonjwa asipoonekana linamhesabu mtoro, kumbe amefia nyumbani, au ameolewa Geita na dawa anachukulia huko. Mpaka vitabu hivi vikutane, hatuwezi kusema kwa haki kama matibabu yanaokoa watu.

Kompyuta huvikutanisha kwa kutoa alama kwa kila kinacholingana, kwa hesabu waliyoipanga wanatakwimu Fellegi na Sunter nchini Kanada mwaka 1969. Jinsia ikilingana, alama ni ndogo, kwani nusu ya kijiji inalingana. Jina adimu lina alama nyingi. Lakini wewe ni mama wa mapacha. Kulwa na Doto wana baba mmoja, nyumba moja, balozi mmoja na siku moja ya kuzaliwa. Karani akikosea jina la kwanza, alama zote zilizobaki zinaweza kumwelekeza kwa pacha asiye yeye. Kumpachika mtu ugonjwa wa nduguye ndilo kosa ninaloliogopa kuliko kumkosa kabisa.

Ndiyo maana tangu 2015 hapo Kisesa rekodi zikaanza kutafutwa mgonjwa mwenyewe akiwa amekaa mbele ya karani. Programu inaleta wanaofanana, mgonjwa anasema yupi ni yeye.

Kuhusu siri: ridhaa yako lazima iombwe, na ukikataa utatibiwa vilevile. Anayechambua hapaswi kupewa majina, anapewa namba tu. Waulize nani anashika orodha ya majina. Wana wajibu wa kukujibu.

Ukikubali, taja jina la ubatizo na la nyumbani, na kitongoji ulichoishi kabla ya kuolewa. Mwanamke aliyehamia kwa mume ni rahisi kukosekana.