Ukishindwa kutoa shikamoo, punguza mwendo

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia leo asubuhi kwenye chai, nikaona jibu lake haliwezi kuingia kwenye simu. Umeuliza hivi: ili umalize Kilimanjaro Marathon chini ya saa 4, ushike dakika 5 na sekunde 40 kwa kila kilomita tangu mwanzo, au uanze taratibu uongeze mbele ya safari? Hesabu yako ni sahihi. Kilomita 42.195 kwa mwendo huo zinakufikisha kwa saa 3 na dakika 59 na sekunde chache. Baba yako ameipiga upya kwenye ile kalkuleta yake, akasema huyu kweli ni wangu.

Lakini hiyo ni hesabu ya njia iliyonyooka, na njia yetu unaijua tangu ulipokuwa unagawa maji na wenzako wa kipaimara. Mnatoka pale Chuo cha Ushirika, Moshi, giza likiwa linaondoka, hewa bado ya baridi, kilele cha Kibo kiko wazi kama hakuna mawingu, mnashika barabara ya Dar. Tambarare. Miguu imepumzika wiki nzima, watu wanashangilia, kila mtu anajiona mwepesi. Hapo dakika 5 na sekunde 40 utaziona ni za kutembea, nawe utasema ngoja nikimbie kwa 5 na 20 sasa hivi, nijiwekee akiba ya mlimani. Mwanangu, akiba ya namna hiyo haipo. Akiba uliyonayo ni ile sukari ambayo mwili umeihifadhi kwenye misuli na kwenye ini, na kadiri unavyozidisha kasi ndivyo inavyoliwa haraka. Kwa wengi wetu, kilomita 30 zikifika inakuwa inaelekea kwisha. Na hizo kilomita 30 zinakukuta wapi? Kwenye mpando wa Mweka, umesharudi mjini, umeshaanza kupanda, na jua la Februari limeshawaka. Kutoka mjini hadi kwenye kugeuzia ni zaidi ya mita 200 za kwenda juu. Wewe huko Dar mlima unaoujua ni daraja la Kigamboni.

Kipimo changu nimekisema mpaka nyote mmekichoka, na nitakisema tena: ukishindwa kutoa shikamoo, punguza mwendo. Sisemi kupunga mkono. Nasema shikamoo nzima, ukimtaja mtu kwa jina kama unalijua, ubaki na pumzi ya kusikiliza marahaba yake, na akikuuliza habari za nyumbani umjibu. Hata makocha wanakubali kwamba anayeweza kusema sentensi nzima bila kuhema bado anakimbia ndani ya uwezo wake, na anayetoa neno moja moja ameshaanza kula asichokuwa nacho. Kwangu mimi si suala la pumzi peke yake. Barabara ya Mweka ni ya watu. Huwezi kupita kwenye vihamba vya watu, yale mashamba yao ya migomba na kahawa, Jumapili asubuhi, wamesimama kwa ajili yako, ukawapita kama nguzo za umeme.

Hapo ndipo inapokuja habari ya mama mdogo wako. Najua umeisikia kwake, tena na vicheko. Sasa isikie kwangu.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo. Mashindano yalianza 2003, na kwa muda mrefu wanawake wa rika letu tukikimbia barabarani tuliulizwa kama kuna msiba. Mimi na mama mdogo wako tukajiandikisha nusu, zile kilomita 21.1, ambayo haina habari ya barabara ya Dar: ni kupanda Mweka na kushuka. Tulikubaliana mezani kwa bibi yako, na bibi yako akiwa shahidi, kwamba tutakwenda pamoja mpaka uwanjani. Maneno yake mwenyewe: "Dada, hatuachani." Nyumba za mjini hata hazijaisha, akaongeza mwendo. Nikamwita. Akasema, "Njoo basi." Nikabaki nautazama mgongo wake ukipotea katikati ya vijana.

Sikuumia sana hapo. Mtu ana miguu yake. Kilichoniuma kiko juu zaidi, baada ya migomba kuanza.

Bibi wa Mweka alikuwa amesimama kando ya barabara tangu alfajiri. Unamjua alivyo: kitenge kipya, jagi la maji limefunikwa kwa sahani, na ndizi mbivu kwenye kikapu, za shambani kwake. Alikuwa anawasubiri watoto wawili wa dada yake. Mama mdogo wako alipita karibu naye kiasi cha kuweza kumgusa. Bibi akamwita kwa lile jina lake la utotoni ambalo hapa duniani limebaki kwa watu wachache. Hakugeuka. Sisemi alimdharau. Nasema hakumsikia, na kutokumsikia ndiko ninakokusema.

Mimi nilipofika nilisimama. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Akaniuliza, "Mwenzako yuko wapi?" Nikasema yuko mbele. Akasema, "Nimemwona. Ana haraka, mwache." Akanimenyea ndizi mwenyewe, akanishikia kikombe cha maji, akauliza habari za bati la nyumba yetu, akauliza kama wewe kikohozi kimepona, akauliza ng'ombe kazaa nini. Nilijibu yote. Nilikula ndizi yote. Wakimbiaji walikuwa wanatupita, yeye anawapa pole mmoja mmoja kwa Kichaga. Halafu akanisukuma mgongoni: "Haya nenda, usije ukalala njiani."

Mpando uliobaki niliupanda nikicheka peke yangu. Naukumbuka wote. Nawakumbuka watoto waliokimbia pembeni yangu peku wakinihesabia hatua, kina mama waliotoka misa ya kwanza wakapiga vigelegele walipoona kuna mwanamke wa umri wao, na mzee aliyevua kofia. Nazikumbuka kahawa walizokuwa wameegemea. Sijui siku nyingine katika maisha yangu niliyosalimiana na watu wengi hivyo nikiwa na afya yangu kamili.

Kabla sijafika kugeuza nikakutana na mama mdogo wako anashuka. Nilimwita kwa nguvu. Macho yake yalikuwa chini barabarani. Akapita.

Uwanjani nilimkuta ameshavaa medali, ameshakunywa soda, amekaa na mashemeji. Aliponiona akasema kwa sauti, "Dada, ulilala wapi?" Wote wakacheka, hata baba yako. Mimi nilicheka pia. Lakini sentensi hiyo bado ninayo, na kila mwaka Februari ikifika inarudi.

Sasa lazima niseme haki yake, maana nikinyamaza nitakuwa namsingizia. Hakukata pumzi. Ningependa kukuambia kwamba alikuja kukaa chini pale kwenye mteremko, misuli imekaza, mimi nikampita na salamu zangu. Haikuwa hivyo. Alimaliza akiwa imara, na muda wake ulikuwa mzuri kuliko wowote niliowahi kuupata mimi kabla au baada. Alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni kwake tangu harusi yake. Nilipomuuliza baadaye aliona nini njiani, akasema, "Migongo ya watu. Niliipita mmoja mmoja." Akaniambia hiyo ni raha ambayo mimi sijawahi kuionja, na ni kweli, sijaionja.

Kwa hiyo je, kipimo changu cha shikamoo kina kasoro? Nimejiuliza hilo mara nyingi, hasa usiku. Na tena sisi watu wa huku tuna watu wetu wa kutuumbua. Nilikuwa msichana wa shule mwaka 1974, redio ikatangaza kwamba Filbert Bayi wa Karatu ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch, dakika 3 na sekunde 32.2. Alitoka mbele tangu mwanzo, hakumsubiri mtu, na John Walker wa New Zealand naye alivunja rekodi ya zamani akaishia kuwa wa pili. Nani angemwambia Bayi apunguze asalimie? Lakini ni Bayi huyo huyo aliyekwenda Olimpiki ya Moscow 1980, kwenye mita 3000 za kuruka viunzi na maji, akatoka mbele kwa namna ile ile, akaongoza sana, na Malinowski wa Poland akamkamata mwishoni kabisa. Tukapata medali ya fedha. Moyo ule ule, miguu ile ile. Na hizo ni mbio za dakika chache. Wewe unazungumzia saa 4.

Umenitajia Alphonce Simbu wetu, kwamba kwenye marathoni ya mashindano ya dunia Tokyo mwaka 2025 alijificha kwenye kundi mpaka mwisho ndipo akachukua dhahabu. Ni kweli, na nililia kama wewe ulivyolia. Saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda ule ule na Petros wa Ujerumani, ikabidi watazame picha ya kwenye mstari. Hiyo ni subira ya ajabu. Lakini Simbu alijua anamsubiri nani. Wewe kwenye kundi la saa 4 utakuwa unamsubiri nani?

Na tafadhali usiniletee habari za Akhwari. Watu wakichelewa wanamtaja John Stephen Akhwari wa Mbulu, marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968, kana kwamba alikwenda kule ili awe wa mwisho. Alianguka, goti likaumia, akafika uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi akiwa na bandeji mguuni. Miaka miwili baadaye, Edinburgh, mashindano ya Jumuiya ya Madola, alikuwa wa 5 kwa saa 2 na dakika 15. Alikuwa mkimbiaji wa kasi hasa. Anayetembea kwa sababu hakufanya mazoezi asijifunike kwa jina lake. Mimi nikienda taratibu naenda taratibu kwa sababu nataka kuwaona watu, na nasema hivyo waziwazi.

Unaona, nimekuja nikaishia kumtetea mama mdogo wako. Unataka niseme nani kati yetu alikimbia vizuri siku ile. Sisemi. Ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja, na muda wake ulikuwa mzuri. Lakini mama wa watu alisimama pale tangu alfajiri na jagi. Basi, naishia hapo.

Kuhusu saa 4 zako, sikukatazi. Una umri wake. Ninachokuomba ni kwamba usiishike ile 5 na 40 kama msahafu. Kwenye barabara ya Dar iende juu kidogo ya hapo, hata 5 na 45, hata kama miguu inakudai kasi. Ukirudi mjini ukiwa bado unaweza kutoa shikamoo yangu, umefanya vizuri. Kwenye mpando acha saa iseme inachotaka, 6 na nusu au zaidi, wewe fuata pumzi. Nafasi ya kurudisha dakika ni kwenye mteremko, na hapo pia ujihadhari: kushuka kunaumiza misuli ya mbele ya mapaja kuliko kupanda, na huko Dar haujaizoesha. Tafuta ngazi za ghorofa, ushuke nazo mara kwa mara wiki hizi zilizobaki. Maji unywe kwa kiu. Usinywe kikombe kwenye kila meza kwa sababu tu umepewa. Maji mengi kupita kiasi yanapunguza chumvi mwilini na yanaweza kukulaza hospitali. Kama utafika kwa saa 4 na dakika 10 na umewaona watu, mimi nitakuwa na la kujivunia. Kama utafika kwa 3 na 59 na migongo tu, nitakupigia makofi vilevile, nadhani.

Njoo Alhamisi, usingoje basi la Ijumaa, ile foleni ya kuchukua namba unaijua. Jumamosi asubuhi baba yako atakupeleka Mweka kwa gari ukamsalimie bibi, kwa sababu siku hizi hafiki tena barabarani, magoti yamekataa, na Jumapili ukiiacha njia kwenda kibarazani kwake atakufukuza yeye mwenyewe. Mpelekee sukari na majani ya chai, na ukae, usisimame mlangoni. Kaka yako anakuja na watoto kutoka Arusha, kwa hiyo utalala nao chumba cha nyuma. Chumba cha mbele ni cha mama mdogo wako. Amejiandikisha nusu tena mwaka huu, na ameshanipigia simu kuniuliza kama tutakwenda pamoja. Nimemwambia nitafikiria. Barua hii usimwonyeshe.

Mama yako