Mke ananidharau kisa nalipwa kwa shilingi

"Shangazi shikamoo. Nina miaka 36, mwaka jana nilimfuata mke wangu Toronto, yeye ni nesi. Kazi sikuacha, mi ni mhasibu wa kampuni moja Dar, napiga kazi kwa laptop kuanzia saa sita usiku, asubuhi ndo nalala. Mke anasema niache nitafute kazi ya huku, chakula haniandalii tena, anagomba eti hata vyombo nilivyolia usiku siviondoi kwenye sinki. Mikutano nafanyia bafuni na kamera nazima nisimsumbue. Nahisi Kanada imembadilisha. Kulipwa kwa shilingi ni dhambi?"

Marahaba mwanangu. Pole kwa kukesha, maana Dar ikigonga saa mbili asubuhi kwenu ni saa sita ya usiku, na hiyo ni winta, mwezi wa tatu wakisogeza saa inakuwa saa saba. Pole yangu imeishia hapo.

Barua yako nimeirudia mara mbili nikawa nakwama palepale, bafuni. Sauti inamsumbua mtu aliyelala, sawa, sasa kamera inamsumbuaje? Kamera inapiga kelele? Sema ukweli, boss wako hajui kama uko Kanada. Anajua uko Mbezi kwenye foleni, ndo maana umejichimbia kwenye vigae ambako hakuna dirisha la kuonyesha theluji. Basi mkeo hadharau shilingi, kachoka kuishi na mtu anayejificha.

Halafu umeandika yote ila kodi ya nyumba analipa nani hujagusa. Miaka mingi nasoma barua zenu, mwanaume akiruka kipengele cha hela najua kuna msingi unamwagwa zege Kibaha na mke hana habari. Mwenzio kasimama wodini masaa kumi na mbili, anarudi anakuta sinki limejaa na we unakoroma, bado unataka akuandalie, akuandalie saa ngapi, saa nane ya usiku?

Ndoa za siku hizi zinanichosha jamani. Zamani mume alikuwa baharia, miezi haonekani, lakini mke anajua yuko melini na barua inakuja na hela ndani. Leo mnalala kitanda kimoja, mwili uko Toronto, saa za Dar, mshahara uko Kibaha, halafu tunaambiwa ni mke ndo kabadilika.

Mficha uchi hazai. Wiki hii hii mwambie boss uko wapi, akitaka akubadilishie mkataba, akigoma ujue ile kazi ilishakwisha siku nyingi, we ulikuwa unaiibia tu. Na ujue Kanada ukishakuwa mkazi wanataka utangaze kipato chako cha dunia nzima, hata kama huku Dar wameshakukata PAYE, ile kodi ya mshahara, ritani ya kodi ya huko mwisho 30 Aprili. Nchi hizi mbili zina mkataba wa kuzuia kodi mara mbili, tafuta mtu wa kodi akuelekeze, si we mhasibu bwana, unaogopa nini?

Salari slip ya mwezi huu mwekee mkeo mezani, na karatasi za kiwanja kama kipo. Kazi ya huko anayokwambia anza kuitafuta, hajakosea. Ila leo kabla hujapanda kitandani, osha vile vyombo.